Salamu za Siku Thelathini

Temeke,
Dar es Salaam.
8 Mei, 1975

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Gregori Mapunda,

Shikamoo Baba. Naiweka shikamoo hii mbele ya yote, naongeza ya pili kwa ajili ya Mama, na ya tatu naiacha iwe ya akiba, maana nina hofu kwamba ile ya kwanza hutaipokea. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Mahindi yameanza kukauka shambani, au mvua bado inayasumbua? Na yule mbuzi mkorofi mwenye pembe moja, ameshazaa? Mimi huku Temeke afya ninayo. Masika yamegeuza uchochoro wetu kuwa kinamasi, na jana nilikwenda kazini nimeshika viatu mkononi, lakini hayo hayamzuii mtu kumshukuru Mungu.

Najua hujanijibu tangu barua yangu ya Pasaka, na sikulaumu. Fransis, mwana wa Baba Mdogo, alipofika hapa na lile kapu la maharage (asanteni sana, nimewagawia hata majirani, na sasa wananisalimia kwa heshima mpya), alinieleza hali ilivyo pale Mkumbilo. Alisema mashine ya kusaga haijafika, akina mama wanaendelea kutwanga mpaka viganja vinachubuka, na watu wameanza kunong'ona kwamba Katibu wa Kijiji aliwaahidi mashine kwa kujivunia binti yake wa Dar es Salaam, kumbe hata barua hakuandika. Alisema mkutano mkuu utakaa mwisho wa mwezi huu, na wapo wanaotaka uvuliwe ukatibu. Akaongeza kwamba wewe huwajibu neno, unakaa tu barazani unanoa penseli. Hilo la penseli, Baba, liliniuma kuliko mengine yote.

Uliniambia tangu mwaka jana kwamba umemwandikia Meneja wetu, ukarudia, ukaandika tena na tena. Mimi nilitafuta kwenye rafu zote nisione hata karatasi moja yenye jina la Mkumbilo. Ndipo wakati wa Pasaka nikakuandikia yale niliyokuandikia. Kwa maneno ya kuzungukazunguka nilikueleza kwamba ni afadhali mzee akiri hakuandika kuliko kuwapa wanakijiji matumaini hewa. Nakumbuka niliisoma barua ile mara mbili na kujisifu kwa jinsi nilivyoyapanga maneno yangu kwa adabu. Sasa naomba uketi vizuri, maana nina habari, na habari yenyewe ina moshi ndani yake.

Shirika letu, Shirika la Mashine na Zana za Vijiji, ambalo sie wenyewe tunaliita Shimazavi ili kuokoa pumzi, liko Chang'ombe, na mimi kama ujuavyo ni karani mkuu wa masijala, yaani chumba kinachotunza barua na mafaili yote. Mwaka jana chumba hicho kilikuwa kimejaa mpaka darini. Mchwa walikuwa wanakula kutoka chini nasi tunaongeza kutoka juu, na kwa kweli mchwa ndio waliokuwa wakifanya kazi kwa bidii zaidi. Siku moja mgeni kutoka wizarani aliomba kuona faili la majembe. Tukalivuta, na yote yaliyokuwa juu yake yakamshukia. Hakuumia, ila alitoka akiwa na vumbi la tangu Uhuru kichwani, na Meneja wetu, Ndugu Revelian, alikosa usingizi wiki nzima.

Tatizo lilikuwa kwamba kuteketeza karatasi moja kulihitaji kikao, kikao kilihitaji muhtasari, na muhtasari ulihitaji faili. Tulikaa siku nzima kuamua hatima ya faili moja la ununuzi wa baiskeli, na jioni tukatoka na mafaili matatu ya baiskeli. Meneja akasema sasa basi, anataka utaratibu unaojiendesha wenyewe.

Ukaanzishwa. Kila barua ikifika, papo hapo mlangoni inapewa tarehe ya kuchomwa na kutiwa kwenye kisanduku cha rangi yake. Mikataba hutiwa kwenye chekundu, hukaa miaka saba. Maombi ya vijiji na vyama hutiwa kwenye kijani, hukaa mwaka mmoja na kupelekwa kwenye kikao cha ugawaji. Salamu, pongezi na mialiko ya harusi hutiwa kwenye cha njano, hukaa siku thelathini. Tarehe ikifika, tarishi wetu Shomari hukibeba kisanduku mpaka kwenye pipa nyuma ya ghala na kutia kiberiti. Haulizi mtu, wala mtu hamuulizi. Meneja alipenda hasa hilo la kutoulizana. Alisema kitu kinachojiendesha chenyewe hakigomi wala hakiombi likizo ya msiba.

Na kwa kuwa barua ni nyingi, na Albano anayezipokea ni mmoja tena mzito wa kusoma, iliamriwa asome aya ya kwanza tu na kwa aya hiyo aamue rangi.

Baba, mambo yalinyooka usipime. Masijala iling'aa. Tukaona ukuta ambao hakuna aliyejua una rangi gani. Wageni wakawa wanaletwa kutazama visanduku vyetu kama watu wanaokwenda kutazama twiga. Watumishi nao wakaingiwa na wazimu wa tarehe. Mpishi wa chai aliiandikia tarehe birika lake lililotoboka. Albano kwa mzaha alibandika tarehe kwenye kiti chake kibovu, na tarehe ilipowadia Shomari, ambaye hana mzaha na kazi ya serikali, akakibeba akakichoma. Albano alikalia ndoo mpaka Mwaka Mpya, na tangu hapo ukimtajia tarehe yoyote anasimama.

Jambo moja tu lilitushangaza. Kisanduku cha kijani, cha maombi, kilikuwa kinakonda, na cha njano kinafura. Meneja alilitafakari na kufikia uamuzi kwamba vijiji sasa vimeridhika, havina tena shida ila shukrani, akaandika taarifa wizarani kusema hivyo na kupigiwa makofi. Waliobaki kuomba walikuwa wachache, na kinara wao ni ushirika wa wafuga kuku wa Mikocheni. Katibu wao huandika kama anayelipia kila neno kwenye telegramu. Aliandika: Leteni mashine. Wakapelekewa. Akaandika: Leteni nyingine. Wakapelekewa. Fransis alipita huko akaniambia kwamba ile ya pili kuku wanatagia ndani yake.

Sasa nifike siku yenyewe. Tarehe mosi, kwenye sherehe za Mei Mosi, nilitangazwa kuwa mfanyakazi hodari wa shirika zima, nikapewa saa ya ukutani mbele ya bendi. Kesho yake, Ijumaa, Meneja aliniita akanilalamikia kuhusu moshi. Alisema siku za kisanduku cha njano Shomari huondoka nacho baada ya chakula cha mchana, lakini moshi hauonekani mpaka watu wanatoka kazini. Alihisi ama Shomari analala huko nyuma, ama anawauzia karatasi wakaanga karanga wa Tandale. Akanituma nikamfumanie.

Nilinyata nikazunguka ghala. Kabla sijafika nikamsikia anaongea, nikajua amekaa na wenzake wanapiga soga. Nilipochungulia, alikuwa peke yake. Amekaa juu ya kreti, pipa halijawashwa, karatasi ameinyoosha mbali na macho yake, na anaijibu. Anasema waalaikumu salamu ndugu yangu, sie huku hatujambo, poleni na mafuriko, hongera kwa kumaliza ghala la kijiji. Akishajibu anaikunja, anaitia ndani ya pipa taratibu, anachukua nyingine.

Nilimuuliza kama ana homa. Akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba kwao Kisarawe amelelewa akijua salamu ni deni, na mtu aliyekusalimia huwezi kumtia moto kabla hujamwitikia. Wakubwa wamesema barua zichomwe, naye anazichoma, lakini hakuna kanuni iliyosema zichomwe bila kuitikiwa. Nikakaa kwenye kreti nyingine kumsubiri amalize ili angalau niweze kusema nimesimamia.

Akachukua barua nyingine, uso ukamchangamka. Akaanza kumwambia huyo aliyeandika kwamba mapacha hawajambo, Kulwa ameota meno mawili, Doto bado, na mama yao anashukuru sana kwa ile dawa ya majani aliyoelekezwa ya kutuliza tumbo la watoto. Nilimuuliza ni ndugu yake gani huyo anayemwandikia kwa anwani ya ofisi. Akasema si ndugu, ni rafiki, mzee mmoja wa Songea. Hajawahi kumwona, lakini kila barua yake inamtaja Shomari kwa jina, pamoja na mapacha. Amejiuliza sana mzee wa mbali hivyo kamjuaje, na ameridhika kwamba ni mja wa Mungu anayeonyeshwa mambo.

Baba, aliyeonyesha mambo ni mimi, kwenye barua zangu za nyumbani. Niliinyakua karatasi ile mkononi mwake. Hata kabla ya jina niliona herufi M ulivyoiandika, na ule mkia wake unaopanda juu uliotuchapia viboko darasa la pili mpaka tukaupatia. Nikakaa chini kwenye majivu na sketi yangu niliyoivaa Mei Mosi.

Nilimuuliza zile za nyuma ziko wapi. Akalitazama pipa. Alisema zote alizijibu, hakuna hata salamu moja iliyodhulumiwa. Nikamuuliza kama alizisoma mpaka mwisho. Akashangaa kwamba namdhania tabia hiyo. Alisema salamu ni za watu wote, lakini yanayofuata baada ya salamu ni ya wakubwa, naye si mtu wa kuchungulia ya wakubwa.

Basi nikaisoma mimi. Ukurasa wa kwanza wote ulimsalimia Meneja, ukamuuliza hali ya mama yake mzazi huko Bukoba na miguu yake inayovimba, ukampongeza kwa kulijenga taifa. Ukurasa wa pili ulimsalimia Albano na kumpa pole ya kiti, ukamsalimia Shomari, mapacha, mlinzi wa getini, mpishi wa chai, na yeyote atakayeifungua bahasha hii, Mungu amtunzie macho yake. Kwenye ukurasa wa tatu, chini kabisa, kabla tu hujaanza salamu za kuagia, uliandika kwamba kama haitakuwa usumbufu, kijiji kingefurahi sana kukumbukwa kwa mashine ya kusaga, hata kama ni iliyokwisha tumika.

Nililia, Baba. Nililia kwa sauti. Shomari alinipa leso yake akisema ni moshi tu, utapita, na moto wenyewe alikuwa bado hajauwasha.

Hapo ndipo ninapopaogopa, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Nimekuandikia hapo juu kwamba utaratibu ulianzishwa, na kwamba iliamriwa isomwe aya ya kwanza tu. Hukufundisha miaka yote ile bure, najua umeshajiuliza nani aliyeamuru. Ni mimi. Rangi ni zangu, tarehe ni zangu, na hiyo ya aya ya kwanza ni yangu kabisa, nilisimama kikaoni nikasema kwamba barua ya maana hujitambulisha mlangoni. Ndiyo iliyonipa saa. Mimi, uliyenifunza kwamba mtu anayeanza na shida yake kabla ya salamu ama ni mwizi ama anafukuzwa na nyuki, nilikaa mjini muda wa kutosha nikaandika kanuni ya kuwachoma wote waliolelewa vizuri. Vijiji vyote vilivyotuandikia kwa adabu vimekwenda na moshi, na waliobaki kwenye kisanduku cha kijani ni wale wasiojua hata kusema hujambo. Kisha nikachukua kalamu nikakwambia wewe kwamba unawadanganya watu. Hukudanganya. Wewe ulikuwa unaandika na mwanao alikuwa anachoma. Nisamehe Baba. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na ile saa nimeigeuza uso ukutani, ingawa bado inalia.

Jumatatu nilimpelekea Ndugu Revelian barua yako na kumweleza yote. Aliusoma ukurasa wa kwanza, akaurudia. Kisha akaniuliza kama zile zilizotangulia nazo zilimuulizia mama yake. Nilipomwambia ndivyo alivyosema Shomari, alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu sana. Nikadhani tumeokoka. Ghalani imebaki mashine moja, Baba, moja tu, na Mikocheni wameshaandika: Leteni ya tatu.

Lakini taarifa ya kuteketeza husainiwa asubuhi, kabla ya kuchoma, na ilikuwa imeshakwenda wizarani. Kiofisi barua yako ni majivu. Meneja alisema kwa masikitiko kwamba hawezi kugawa mashine ya umma kwa kutegemea majivu, hata kama majivu hayo yamemuulizia mama yake. Kanuni nayo haiguswi mpaka mwisho wa mwaka, kwa sababu mashirika mengine yamealikwa mwezi ujao kuja kuiga. Nilimsihi Albano kwamba ikija nyingine aitie kwenye kijani hata ikianza kwa salamu. Akanijibu kwamba mtu aliyechomewa kiti hachezi na utaratibu.

Kwa hiyo njia imebaki moja. Kikao cha ugawaji kitakaa tarehe 26. Kabla ya hapo ifike barua mpya kutoka Mkumbilo, kwa posta, ipite kwa Albano, na aya yake ya kwanza iwe na neno mashine na isiwe na salamu hata chembe. Meneja mwenyewe ameniahidi kwamba ikiingia kwenye kijani, Mikocheni watasubiri.

Najua ninachokuomba. Mimi mwenyewe nilijaribu kuianza barua hii unayoisoma bila salamu, ili nione kama inawezekana. Nilichana karatasi tatu. Mkono ulikataa, na umeona mwenyewe nilivyoanza, mpaka mbuzi nimemuulizia. Na wewe ndiye niliyekuiga. Siku jiko la Mama lilipowaka moto ukakimbia kuwaita watu wa misheni, Mama anasema mpaka leo kwamba uliwauliza kwanza habari za mavuno, na wao wakakuuliza zako, na jiko likaisha. Ukiketi kuandika barua isiyo na salamu utaugua, au utaandika nusu ukurasa wa kuomba radhi kwa kutosalimia, na Albano ataitia kwenye njano.

Ila juzi maharage yalipoisha, chini kabisa ya kapu nilikuta karatasi imekunjwa mara nyingi. Sikujua kwamba Mama amefika mahali pa kuandika. Nilijua anahudhuria kisomo cha watu wazima jioni, lakini nilidhani bado wako kwenye a, e, i, o, u. Herufi zimesimama kama nguzo za ua, na zinasema hivi: SESILIA. BABA YAKO SI MWONGO. MASHINE IKO WAPI. MAMA.

Hakuna hujambo. Hakuna habari za Dar. Niliposoma nilijikuta nimesimama wima peke yangu chumbani.

Baba, mpe Mama kalamu. Mwambie amwandikie Meneja kama alivyoniandikia mimi, ataje kijiji, na wewe utie mhuri. Usimsahihishe. Usimwongezee hata neno Ndugu. Akimaliza, ifunge bahasha hapohapo kabla hujapata wazo. Na kwenye mkutano wa kijiji uisome barua hii yangu mbele ya watu wote, hasa pale niliposema ni nani aliyechoma. Hilo nimelitaka mwenyewe, sitaki ukatibu wako uende kwa sababu ya akili zangu.

Fransis anaondoka kesho na basi la asubuhi, ndiye atakayekukabidhi mkononi. Nisalimie Baba Mdogo na nyumba yake yote, Shangazi, majirani wa juu na wa chini, walimu wenzako wa zamani, akina mama wote wa kinuni, na hata wale wanaotaka kukuvua ukatibu. Shomari amenishikilia nikuandikie kwamba Doto naye sasa ameota jino, na kwamba salamu zako zote zilifika. Anauliza goti. Salamu zako wewe zilete kwangu, kwa bahasha nyingine, kurasa kadiri utakavyo. Nitazisoma zote.

Na Mama nimsalimie vipi, sijui tena. Mwambie tu: Inakuja.

Mimi mwanao,
Sesilia